Hayajaingia, Nitayasahau Vipi?



Wapenzi wanafunzi, kila mwaka ndugu mhariri wa jarida letu huniomba niandike juu ya fadhila za kutafuta elimu, nami kila mwaka huandika. Safari hii nimemuomba aniachie niandike juu ya kosa nililolifanya katika kuifundisha hiyo elimu. Baadhi yenu mlikuwepo jioni ile, hasa nyinyi wa darasa la juu mnaonisaidia kuwasikiliza watu wazima, na mlicheka. Msione haya peke yenu. Aliyeanzisha kicheko ni mwalimu wenu.

Mnalijua darsa letu la watu wazima, linalokaa baina ya Maghribi na Isha. Humo wamo wavuvi, wauza duka, vijana wa bodaboda, na mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye hukosoa tajwidi ya kila mtu isipokuwa yake. Na yumo mtu ambaye nitamwita Fundi, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Nilimwomba idhini kabla sijaandika, akaniambia, "Andika Ustadh, lakini jina usiweke." Ni seremala wa makamo, amekwisha kupita miaka arobaini na mitano. Ukitembea mtaani kwetu hapa Tanga, milango mingi unayobisha hodi ni kazi ya mikono yake.

Fundi alijiunga nasi mwaka 2022, miezi michache baada ya kufiwa na baba yake. Herufi alizipata kwa taabu, lakini alizipata. Ilipofika mwisho wa mwaka wa pili aliweza kuiunganisha aya fupi kwa kuitazama, polepole, kidole kikitangulia. Shida ilikuwa kwenye kuhifadhi. Wenzake walimaliza sura kumi za mwisho, yeye bado yuko kwenye ile ile. Kilichonikera zaidi ni kwamba leo tukisoma kwa pamoja atasoma vizuri kabisa, kesho nikimsimamisha peke yake hana kitu. Nikajiambia: huyu harudii nyumbani. Huyu hajali.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, katika mwezi wa Rajabu, nilimsimamisha asome aya tatu za mwanzo za Suratul-Fil, ambazo jana yake alizisoma na wenzake bila kosa. Akatoa maneno mawili, akanyamaza. Nikamtajia la tatu, akalishika, akanyamaza tena. Hapo ndipo nikasema mbele ya watu: "Fundi, jambo hili ni nuru. Kwanza tupunguze madhambi, halafu ndiyo tutahifadhi." Nikaongezea na zile beti mashuhuri zinazonasibishwa na Imam Shafii, za kumshitakia mwalimu wake Wakii ubovu wa hifdhi yake. Watu wakacheka. Fundi akafunga juzuu yake, akaiweka juu ya marfaa taratibu, akasema, "Sawa, Ustadh." Akatoka kabla ya adhana ya Isha, na hakurudi kesho wala wiki iliyofuata wala mwezi uliofuata.

Naapa kwamba sikuumia. Nilidhani amekimbia kazi.

Kilichonipeleka kwake ni marfaa za watoto zilizopasuka. Hakuna mwingine mtaani anayezichonga kwa ubao mmoja zikafunguka vizuri. Nikamkuta karakanani, nikaketi juu ya gogo kumngojea, kwa kuwa alikuwa na mteja. Mteja yule alikuwa mwepesi wa maneno: anataka mlango wa mbele wa mninga, fremu yake iwe pana inchi sita, na dirisha la jikoni liwe na wavu wa mbu, na apelekewe kabla ya Ijumaa kwa kuwa ana wageni. Fundi alikuwa anaitikia, "Ndiyo, ndiyo." Lakini macho yake hayakuwa kwa mteja, yalikuwa kwa kijana wake wa kazi. Mteja alipoondoka akamuuliza kijana: "Kasemaje pale mwisho?" Kijana akamrudia yote, kipande kimoja kimoja, na kwa kila kipande Fundi akafunga fundo kwenye kamba au akachora alama ukutani. Kisha akanyoosha mkono: "Nipe kile… kile cha kulainisha." Kijana akampa randa. Mtu huyu ameshika randa tangu ujana wake, na jina lake halikumjia.

Nikamuuliza, "Fundi, mbona umetukimbia?"

"Sijakimbia, Ustadh. Nachelewesha watu."

Nikasema ninavyojua mimi kusema, kwamba kusahau ni ibilisi na dawa yake ni kurudia. Akaendelea kupiga randa mpaka ubao ukaisha, halafu akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Wewe unasema nasahau. Mimi sisahau. Hayajaingia, nitayasahau vipi? Mkisoma wote, mdomo unakwenda na nyinyi. Nikibaki mwenyewe, hamna."

Kisha, bila ya mimi kumuuliza, akanieleza kwa nini alikuja madrasa. Siku ya hitma ya baba yake watu waligawana juzuu thelathini, na yeye, mtoto mkubwa wa marehemu, akapewa ya kwake. Hakuweza kusema hapana mbele ya wajomba. Akaifungua, akawa anachezesha midomo, na kila jirani yake alipofunua ukurasa na yeye akafunua. Juzuu ile ikahesabiwa kuwa imesomwa. "Baba yangu alikosa juzuu moja," akasema. "Ya kwangu."

Nilirudi nyumbani bila ya kuzungumza bei ya marfaa.

Dada yangu ni mwalimu wa elimu maalumu, amesomea Patandi kule Arusha, na ndiye niliyempigia simu usiku ule. Nilitaraji anipe dawa, lakini alianza na maswali. Masikio yake yamepimwa? Je, taabu hiyo ni ya Kiarabu tu, au hata katika lugha aliyolelewa nayo? Ilianza utotoni au ilimjia ukubwani, baada ya ugonjwa au kuumia kichwa? Swali la pili ndilo lililoniamsha. Kila mtu mzima anayeanza Kiarabu hupata taabu, na huo ni ugeni wa lugha tu. Nikarudi kwa Fundi kumuuliza. Nyumbani kwao Muheza walisema Kibondei, barabarani Kiswahili, na kote kuwili yeye alikuwa wa mwisho kusema na wa kwanza kuchekwa. Shule aliiacha darasa la nne, mwalimu alikuwa akimwita gogo. Masikio nilikwenda naye mwenyewe hospitali yakapimwa, hayana kitu.

Dada akanieleza kwamba iko hali wanayoijua wataalamu, ambayo mimi kwa Kiswahili nitaiita tatizo la lugha la tangu utotoni. Mtoto huzaliwa nalo, halitokani na malezi mabaya wala na kukulia katika lugha mbili, na mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja. Mwenye nalo husikia vizuri, anaweza kuwa hodari wa mikono na wa hesabu za soko, lakini maneno mapya huwa mazito kwake, maagizo marefu humpotea njiani, na jina la kitu anachokijua humkimbia. Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe walikuwa wakiliita kwa majina tofauti tofauti, mpaka zaidi ya 50 kati yao, wakiongozwa na Profesa Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford, walipokubaliana juu ya jina moja na kuchapisha makubaliano yao mwaka 2017. Si hali ya nadra. Uchunguzi uliofanywa Marekani katika jimbo la Iowa na kutolewa mwaka 1997, na mwingine wa Uingereza wa mwaka 2016, yote miwili ilikuta kiasi cha watoto 7 katika kila 100. Katika darasa la wanafunzi 30, hao ni wawili.

Na haliishi mtu akikua. Mtu mzima hujifunza kulificha tu, kwa kijana wa kazi anayekumbuka maagizo, kwa kamba yenye mafundo, kwa "ndiyo, ndiyo", au kwa kufunua ukurasa jirani anapofunua.

Nataka nieleweke hapa. Mimi nina diploma ya masomo ya Kiislamu, si daktari, na Fundi hajapimwa na mtaalamu wa lugha. Simpi jina la ugonjwa. Ninachosema ni kwamba aliyonieleza karakanani yalifanana mno na yale ambayo dada yangu alinisomea baadaye, akinifasiria kutoka Kiingereza, katika tafiti mbili juu ya watu wazima wenye tatizo hilo.

Utafiti wa kwanza ulichapishwa mwaka 2013 na Karla McGregor na wenzake, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Iowa. Walichukua watu 69 wa umri wa miaka 18 mpaka 25, wengine wana tatizo hili na wengine hawana, wakawafundisha maneno mapya 16, sauti ya neno na maana yake. Wakawajaribu papo hapo, kisha baada ya saa 12, baada ya saa 24, na baada ya wiki moja. Wenye tatizo walikuwa nyuma tangu jaribio lile la papo hapo, kabla hata ya muda wa kusahau kupita. Lakini angalieni ajabu hii: ile maana waliyoipata, waliishika wiki nzima sawasawa na wenzao. Kilichozidi kuwaponyoka kadiri siku zilivyokwenda ni umbo la neno, yaani sauti zake na mpangilio wake. Na katika makundi yote mawili, waliofundishwa jioni, wakalala muda mfupi baadaye, walizidi kukumbuka maana kuliko waliofundishwa asubuhi.

Utafiti wa pili ni wa mama huyo huyo na wenzake, wa mwaka 2017. Katika sehemu yake moja, wanafunzi 23 wenye tatizo na 24 wasio nalo walifundishwa maneno mapya kwa njia mbalimbali. Mengine walitazama na kusikiliza tu; mengine walijaribiwa, wakajibu, wakasahihishwa. Siku ya pili, katika yale ya kusikiliza tu, wenye tatizo walikuwa nyuma. Katika yale ya kujaribiwa walikuwa sawa na wenzao. Wakahitimisha kwamba ugumu kwa watu hawa uko pale neno linapoingia, si pale linapokaa.

Mimi nikasema, Subhanallah, seremala wa darasa la nne aliniambia hivi hivi, nikampa hukumu ya madhambi.

Sikatai kwamba maasi hutia kutu moyoni. Hilo sote tumefundishwa. Lakini nani alinipa mimi kazi ya kuyakagua ya Fundi? Na kama nilitaka kumtajia wakubwa wa dini, mbona sikumtajia Hadithi ya Bi Aisha (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba yule anayeisoma Qur'ani kwa kugugumia, nayo ikiwa nzito kwake, ana malipo mawili? Ninaijua tangu nina miaka kumi. Siku ile haikunijia, zikanijia beti za kumchekesha mtu.

Sasa fikirini pamoja nami jambo moja, kwa kuwa hili ndilo lililobadilisha darsa letu. Sisi tunawahifadhisha watu wasiojua Kiarabu. Kwa hiyo aya tunayompa mtu ni mfululizo wa sauti zisizo na maana kwake. Kwa wengi wetu hilo si tatizo kubwa, sauti hunasa zenyewe, na maana itakuja huko mbele tukijaaliwa. Lakini kwa mtu ambaye sauti ndizo zinazomponyoka na maana ndiyo anayoishika, tumemnyima mkono wake wenye nguvu, tukamtaka abebe kwa ule dhaifu. Tena si kwamba dini imetuagiza hivyo. Imepokewa kutoka kwa Abu Abdirrahman as-Sulami kwamba Masahaba waliomfundisha walikuwa wakichukua aya kumi kumi, hawavuki mpaka wajue elimu iliyomo na kuifanyia kazi. Naye Mtume (S.A.W.) alikuwa akisema neno hulirudia mara tatu ili lifahamike. Haraka hii ya kuhesabu sura tumeileta sisi.

Fundi alirudi baada ya masika ya mwaka 2024. Nilimwomba radhi karakanani kwake, kisha nikamwomba tena mbele ya darsa, kwa kuwa kosa lilifanyika mbele ya darsa. Ya pili ilikuwa ngumu kwangu kuliko ya kwanza. Mzee wa bandari akasema, "Yamekwisha hayo, someni," na tukasoma.

Tulianza upya Suratul-Fil, na wiki ya kwanza hatukusoma hata neno moja la Kiarabu. Nilimhadithia kisa chote kwa Kiswahili: mfalme Abraha na jeshi lake kutoka Yemen, ndovu wao, nia yao ya kuivunja Al-Kaaba, ndege waliotumwa makundi kwa makundi, mawe, na jeshi lilivyogeuka kama makapi yaliyotafunwa. Akanihadithia yeye. Akakosea jina la Abraha, lakini mpangilio wa kisa hakuukosea hata mara moja. Ndipo nikampa maneno, moja moja, kila moja nikalitundika mahali pake katika kisa. Hili ndilo ndovu, hili ndilo ndege, hili ndilo mawe. Yapo maneno ambayo Mswahili anayo tayari bila ya kujijua, na haya yalimfurahisha sana. Tulipofika Suratu-Quraysh nikamwonyesha kwamba humo mna hofu, mna amani, mna ibada, yote maneno ya mtaani kwake. Akasema, "Kumbe nusu ninayo!" Nusu haikuwa, lakini sikumsahihisha.

Kuitikia kwa pamoja nilikuacha kwake kabisa. Wenzake wanaendelea, kuna utamu wake na kuna baraka zake, lakini kwa Fundi kulikuwa ni kificho. Yeye husikilizwa peke yake pembeni, na msikilizaji wake ni mmoja wenu. Sharti nililowapa mnalijua, na najua linavyowachosha: usimpe neno mpaka umngojee. Funika juzuu, uliza, hesabu moyoni mpaka kumi. Akikosa, mpe palepale lililo sahihi, alitamke, nenda kwingine, kisha rudi umuulize lile lile. Hapo zamani tulikuwa tunamtajia kila anapokwama, tukidhani tunamsaidia, kumbe sisi ndio tuliokuwa tunasoma. Na alikuwa na tabia ya kuweka sura kwenye simu ikasoma kutwa nzima karakanani huku akipiga randa. Sikumkataza, kusikiliza Qur'ani ni kheri. Nilimwambia tu asiihesabu kuwa ni kuhifadhi.

Darsa letu kuwa la jioni ni bahati, hatukulipangia hivyo kwa ajili ya utafiti wowote. Ila Fundi alikuwa akitoka Isha anarudi karakanani mpaka usiku mwingi. Sasa, akimaliza kazi, hujiuliza maneno ya siku ile mara moja kitandani kabla hajalala, kwa kichwa, bila ya juzuu. Mkewe ameniambia kwamba na yeye ameihifadhi Suratul-Fil kwa kulala karibu naye.

Msidhani yalikuwa maajabu. Aya tano zile zilimchukua wiki tisa. Kijana wa bodaboda aliyeanza naye alizimaliza kwa siku nne. Zilikuwepo jioni ambazo sikuona mbele wala nyuma, na kuna aya moja tuliyoirudia mpaka msikilizaji wake akaja kuniomba abadilishiwe mtu. Kwa kuwa umbo la neno ndilo linalompotea kadiri siku zinavyopita, muraja'a yake haingoji wiki: leo, kesho, keshokutwa, kisha baada ya siku nne. Tukiruka, tunalipa. Lakini mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2025 darsa lilisimama, kama kawaida yetu, na nilikuwa na hofu tutaanza sifuri. Baada ya Idi nikamkalisha, nikafunika juzuu, nikangoja. Suratul-Fil ilikuwepo, aya zote tano, akiwa amepotelewa na neno moja tu katika aya ya nne. Ile sura ambayo nilimwambia aipunguzie madhambi.

Nyinyi mnaohifadhi kwa wepesi msidhani haya hayawahusu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maandishi wayasome. Walioyarudia kusoma walionekana hodari zaidi baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja waliowazidi ni wale waliofunga karatasi na kujijaribu. Nawaona mkisoma ukurasa mara ishirini macho yakiwa juu ya msahafu, kisha mnakuja mbio kwangu kabla haujapoa. Ndiyo, kwangu mnapita. Mwezi ujao je?

Na wale wawili katika kila thelathini wamo humu humu ndani ya madrasa yetu, kwenye mikeka hii hii. Nimeanza kuwatafuta, na nimegundua kwamba miaka yote hii nilikuwa nikiwaweka nyuma ya safu, karibu na mlango, nikiwaita wazito. Mmoja wao alishaacha kuja mwaka jana. Nimekwenda kwao mara mbili. Mama yake anasema atafikiria. Insha'Allah nitakwenda mara ya tatu.

Mwezi uliopita palikuwa na hitma mtaani kwetu. Juzuu ziligawiwa, na ilipofika zamu ya Fundi akampa ishara mgawaji kwamba ampite. Nilidhani ameona haya, nikainamisha kichwa. Watu walipokuwa wakisoma nikamsikia upande wa nguzo, juzuu hana mkononi, anasoma Suratul-Fil kwa sauti ya chini, akasimama, akangoja, akaendelea, akaimaliza, akaanza Quraysh. Pale kwenye aya ya pili akakwama. Jirani yake, mtu mwema, akamtajia. Fundi akamgusa goti na kumwambia, "Usinipe, bwana. Ngoja."

Wabillahi tawfiq.